Bahasha ya shukrani imeandikwa "Namshukuru Mungu kwa ……": aliyepoteza kazi ajaze nini?

#1 Karani_Changamwe

Bwana asifiwe, wanajukwaa.

Nimekuwa karani wa lango katika yadi ya makontena kwa miaka kumi na mmoja, kazi yangu ikiwa ni kunakili nambari za kila kontena linaloingia na kila linalotoka, jua liwake au mvua inyeshe. Mwezi uliopita niliitwa ofisini pamoja na wenzangu sita, tukapewa barua na mshahara wa mwezi mmoja, tukaagana. Kampuni siitaji, kwa kuwa sikuja hapa kuishtaki.

Jumapili iliyofuata kanisani kwetu ilikuwa siku ya shukrani. Mlangoni tuligawiwa bahasha za kaki zilizopigwa chapa: jina, nambari ya simu, kiasi, na chini kabisa mstari usemao "Namshukuru Mungu kwa", kisha vitone mpaka ukingoni mwa karatasi. Nilikaa na kalamu mkononi kuanzia wimbo wa kwanza hadi matangazo. Mke wangu aliandika "afya ya watoto", akaitazama bahasha yangu, akageuza uso upande wa dirisha. Sikuandika neno, na bahasha nilirudi nayo nyumbani ndani ya Biblia.

Jumatano, katika ushirika wa nyumbani, kiongozi wetu alipopata habari hiyo alinifungulia 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu", akaniambia kwamba napaswa kumshukuru Mungu kwa kufutwa kazi kwenyewe, kwa sababu andiko halikubagua jambo. Nauliza: je, ndivyo andiko linavyodai? Na ikiwa siwezi kuyatamka maneno hayo bila kujiona mnafiki, imani yangu ina kasoro?

#2 Mwalimu_Kisauni

Pole sana, ndugu Karani.

Mzigo wote uko katika kineno kimoja, "kwa", nacho katika Kiswahili kina kazi nyingi mno. Nikisema "nimelia kwa uchungu", uchungu ndio sababu ya kilio. Nikisema "nimekuja kwa feri", feri ni chombo tu, wala si sababu ya safari. Nikisema "tulivumiliana kwa shida na raha", ninataja hali tuliyokuwamo. Kiongozi wako amechukua "kwa" ya sababu, lakini Kigiriki cha Paulo katika mstari huo kinasema *en panti*, na maana yake ya kawaida ni "katika kila jambo" au "katika kila hali". Tafsiri ya baadaye niliyo nayo nyumbani imeandika "katika kila tukio". Kwa hiyo unaweza kumshukuru Mungu ukiwa huna kazi, bila kumshukuru kwa sababu huna kazi.

#3 Mchokozi_Mtwapa

Mwalimu ameruka mstari muhimu zaidi wa bahasha ile, ambao ni mstari wa "kiasi". Mimi sijawahi kuona mweka hazina akisumbuliwa na vihusishi vya Kigiriki.

#4 Mwinjilisti_Mstaafu

Nimeyasoma maelezo ya Mwalimu, na ninayaheshimu, lakini amekufungulia dirisha akaufunga mlango. Paulo huyohuyo, katika Waefeso 5:20, anasema "na kumshukuru Mungu Baba sikuzote kwa mambo yote", na hapo kihusishi si *en* tena, bali ni *hyper*, yaani "kwa ajili ya". Huwezi kuponyoka kwa sarufi ukiwa umebeba mstari mmoja tu.

Isitoshe, Ayubu alipopoteza mali na watoto katika siku moja alisema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, Jina la Bwana na libarikiwe." Tena hatuna haja ya kwenda mbali na pwani yetu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliingia Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga ng'ambo ya pili, upande wa Nyali, ambako na yeye mwenyewe amelala. Hakuiacha kazi. Kijana, kiongozi wako hakukosea. Alichokosa labda ni upole wa kusema.

#5 Mwalimu_Kisauni

Mzee wangu, kuhusu Waefeso umenishika, nami sitabisha: *hyper pantōn* ni "kwa ajili ya yote", na wafasiri wamepata taabu nayo. Wapo wanaosema kwamba "yote" hapo ni yale yote ambayo Mungu ametenda katika Kristo, kwa kuwa sura ya kwanza ya waraka huo inayahesabu moja baada ya jingine. Wengine wanaikubali kama ilivyo, na baridi yake yote.

Lakini Ayubu usimkatie sura ya kwanza peke yake. Katika sura ya tatu anafumbua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, na mabishano yanaendelea kwa sura nyingi. Mwishoni Mungu anawakemea rafiki zake, waliokuwa na jibu safi, na kusema kwamba yeye Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa.

#6 Mjukuu_wa_Freretown

Sahihisho dogo kwa chapisho nambari 4, kwa heshima zote. Krapf mwenyewe hakuzikwa Nyali. Waliolala huko ni mkewe Rosine na binti yao. Yeye alirudi Ujerumani, akafia Korntal mwaka 1881. Wengi huchanganya kwa sababu ya mnara uliojengwa pale kwa kumbukumbu yake. Pia, kwamba hakuiacha kazi ni kweli, ila kuendelea na kazi ni jambo moja, na kumshukuru Mungu kwa kifo cha mke ni jambo jingine. La pili tusimsemee.

#7 Mwinjilisti_Mstaafu

Asante kwa sahihisho, mjukuu wangu. Nimepita pale miaka arobaini nikimwamkia mtu asiyekuwapo.

#8 Binti_Mtongwe

Shikamooni wakubwa. Nimesita kuandika, lakini nambari 4 imenigusa mahali.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama asubuhi ikielekea kisiwani Mombasa, na watu 272 wakafa. Mama yangu alikuwa akipanda feri ile kila siku ya kazi. Asubuhi hiyo mimi, nikiwa na umri wa miaka minne, nilimmwagia uji kwenye sketi aliyokwisha kuipiga pasi, akanichapa kofi, akawasha jiko upya kupasha moto pasi ya makaa, na alipofika gatini chombo kilikuwa kimeng'oa. Aliyaona yote akiwa amesimama nchi kavu.

Watu walipomjia nyumbani walimwambia, "Mshukuru Mungu, amekuepusha." Alishukuru, na nina hakika alishukuru kwa moyo wake wote, lakini hakusimama kanisani kutoa ushuhuda hata mara moja mpaka alipostaafu, kwa sababu katika benchi alilokuwa akikalia, mama wa upande wake wa kushoto alikuwa amempoteza mume ndani ya feri ile. Aliniambia kwamba kila alipotaka kusimama alijiuliza: nikisema Mungu ameniokoa, huyu atasikia nini? Kila ifikapo tarehe hiyo alipika wali wa nazi, akaupeleka kwa mama yule bila kutaja sababu. Naye yule mama aliupokea bila kuuliza.

Sijui hiyo ni "kwa" au ni "katika". Naona tu kwamba shukrani yake ilikuwa na jirani ndani yake.

#9 Karani_Changamwe

Dada Binti, asante. Nimemsomea mke wangu, naye amenyamaza kwa muda mrefu.

#10 Katekista_Tudor

Tumsifu Yesu Kristo.

Dada amegusa jambo ambalo sheria ya zamani ililijua. Walawi 7 inaeleza dhabihu ya shukrani: mnyama mzima, pamoja na mikate ya aina kadhaa, na sharti kwamba nyama iliwe siku ileile, isisazwe hata asubuhi. Fikirini mtu mmoja na nyumba yake wanamalizaje fahali kabla ya alfajiri? Sheria haisemi "alika watu", lakini hesabu ya nyama inamlazimisha. Shukrani ilikuwa karamu ambayo jirani asingeweza kukosa kuisikia harufu yake. Sisi tumeigeuza kuwa bahasha iliyofungwa kwa gundi.

Kwa upande wetu Wakatoliki, neno Ekaristi lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani. Padre anasema, "Tumshukuru Bwana Mungu wetu", waamini wanajibu, "Ni vema na haki." Kisha kinachosimuliwa baadaye kidogo ni habari za usiku ule aliotolewa. Yesu alishukuru juu ya mkate akijua vizuri kinachomngoja, lakini saa chache baadaye, bustanini, aliomba kikombe kimwondokee. Hakuambiwa achague mojawapo. Kwa hiyo, ndugu Karani, ombi lako la kupata kazi halivunji shukrani yako.

#11 Mchokozi_Mtwapa

Katekista, kwa fahali na wali wa nazi, uzi huu umeanza kunipendeza. Ila niulize kwa dhati sasa: yule Farisayo wa Luka 18 naye si alishukuru? "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Ushuhuda wake ungepigiwa vigelegele katika makanisa mengi ya mji huu. Mtu anasimama: namshukuru Mungu nimepata gari wakati wenzangu wanapanda matatu. Namshukuru Mungu mwanangu amefaulu na darasa zima limeanguka. Mnaosema shukrani ni nzuri siku zote, mnamweka wapi Farisayo?

#12 Muuguzi_wa_Zamu

Ndugu Mchokozi ameuliza swali ambalo mimi hukutana nalo wodini. Mgonjwa mmoja akiruhusiwa kwenda nyumbani, ndugu zake huimba kando ya kitanda, na kitanda cha pili kuna mtu ambaye usiku huo hatafika asubuhi. Nimejifunza kuwaomba wakaimbie nje, karibu na mwembe.

Niongeze jambo la kitabibu kidogo. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo kundi moja la watu liliandika kila wiki mambo machache ya kushukuria, na jingine likaandika kero. Walioandika shukrani walijieleza kuwa wanayaona maisha yao kwa wema zaidi. Nimelijaribu mwenyewe kwa daftari la shilingi ishirini baada ya zamu za usiku, na ninalala vizuri zaidi. Kwa hiyo huenda Paulo alikuwa akitoa agizo lenye faida kwa mwili pia, sawa na kusema "kunyweni maji".

#13 Mwinjilisti_Mstaafu

Binti yangu, sikatai daftari lako, lakini maji hayana masikio. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa, wote kumi wakapona ngozi zao, na bila shaka wote kumi walifurahi njiani. Mmoja tu, tena Msamaria, alirudi, akaanguka kifudifudi miguuni pake. Yesu hakuuliza, "Wale tisa hawakujisikia vizuri?" Aliuliza, "Wale tisa wa wapi?" Shukrani ya Kikristo ni kurudi kwa Mtu. Asiye na wa kumrudia ana furaha tu, nayo ni njema, ila haijawa shukrani.

#14 Muuguzi_wa_Zamu

Nimekubali nusu, Mzee. Wale tisa walikuwa wametumwa kwa makuhani, na walikuwa wakitii agizo. Huwahurumii hata kidogo?

#15 Mwinjilisti_Mstaafu

Nawahurumia. Nimekuwa mmoja wao mara nyingi.

#16 Nahodha_Likoni

Niingie kwa upande wa bahari, maana wengine mmekaa sana nchi kavu.

Matendo 27. Merikebu imepigwa na tufani siku kumi na nne, mizigo imetupwa, na tumaini la kuokoka limekwisha. Paulo ni mfungwa, si nahodha. Alfajiri anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula, na wengine wanapata moyo. Luka anatoa hesabu: watu 276. Sasa angalieni alichokishukuria. Haikuandikwa kwamba alishukuru kwa ajili ya dhoruba, na wala hakungoja itulie. Alishukuru juu ya mkate, kitu kilichokuwa mkononi, huku chombo kikiwa bado hatarini. Nimefanya kazi ya chombo miaka mingi, na ninajua kwamba mtu ambaye amekula hufikiri vizuri kuliko mtu anayetetemeka.

Karani, kwenye vitone vyako andika "ugali wa jana". Huo ni ukweli, na mtu hawezi kukupinga.

#17 Binti_Mtongwe

Nahodha, 276 waliokoka wote. Wetu 272 hawakuokoka. Nambari hizo mbili zimekaribiana mno hata nimeshindwa kupita bila kuziweka pamoja. Sikulaumu, ila mkate wa Paulo una ahadi ya malaika nyuma yake, aliyemwambia usiku kwamba hakuna atakayepotea. Wa Mtongwe hawakuambiwa neno.

#18 Nahodha_Likoni

Ni kweli, dada. Sina jibu. Asubuhi ile nilikuwa upande wa Likoni, na baadhi ya majina niliyajua.

#19 Mwalimu_Kisauni

Kwa Mchokozi, kwanza: zipo nakala za kale za Matendo zinazosema watu kama 76, kwa hiyo hata hesabu ya Luka ina wabishi wake. Nimewahi kujibu kabla hujauliza.

Sasa kwa dada. Zaburi 107 inataja makundi manne ya watu: waliopotea nyikani, waliofungwa, waliougua, na "washukao baharini katika merikebu". Kila kundi lina mpangilio uleule, yaani wanamlilia Bwana katika dhiki yao, anawaokoa, ndipo kinafuata kiitikio cha kumshukuru Bwana kwa fadhili zake. Kilio kinatangulia. Hakuna kundi lililoambiwa lishukuru wakati maji yamefika shingoni. Lakini Zaburi 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, bila uokoaji na bila kiitikio, nayo imewekwa katika kitabu kilekile, ikaimbwa hekaluni. Sijui kingine cha kumwambia mama yule wa benchi la kushoto ila kwamba wimbo wake nao umo.

#20 Jirani_wa_Majengo

Salamu kwenu. Mimi ni Mwislamu, nasoma tu, na mkiona nimeingilia mtaniwia radhi. Hapa Mombasa ukimuuliza mtu hali, Mwislamu kwa Mkristo, atakujibu "twashukuru" hata kama ana homa. Kwetu tunafundishwa kutenganisha *shukr*, ambayo ni ya neema uliyopata, na *hamd*, ambayo ni sifa kwa Mungu kwa kuwa Yeye ni Yeye. Ndiyo maana mwenye msiba husema "alhamdulillahi ala kulli hali", sifa ni za Mwenyezi Mungu katika kila hali. Marehemu babu yangu aliyatamka hayo machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemwona mnafiki. Labda kiongozi wa ndugu Karani anadai *shukr* mahali pa *hamd*.

#21 Katekista_Tudor

Karibu sana, jirani, hujaingilia. Umenikumbusha kwamba Kiebrania cha Agano la Kale nacho kinatumia neno moja, *toda*, kwa sifa, kwa shukrani na hata kwa kuungama. Katika Yoshua 7:19 Akani anapoambiwa aungame mbele za Mungu wa Israeli, neno lililopo ni hilohilo *toda*. Basi huenda katika mzizi wake kushukuru ni kusema mbele za Mungu jambo lilivyo, liwe tamu au chungu. Kwa maana hiyo, ndugu Karani ameshukuru tangu chapisho la kwanza.

#22 Mwinjilisti_Mstaafu

Hapo sasa mmelinyoosha neno mpaka limepoteza umbo. Kama kusema "sina kazi" ni kushukuru, basi Israeli waliponung'unika jangwani walikuwa wakishukuru, na Mungu alikasirika bure. Iko tofauti kati ya kumlilia Mungu na kumnung'unikia, nayo haitegemei sarufi.

#23 Mwalimu_Kisauni

Inategemea nini, Mzee?

#24 Mwinjilisti_Mstaafu

Nikiijua nitawaandikia. Nilidhani naijua mpaka nilipomzika mke wangu mwaka juzi.

#25 Muuguzi_wa_Zamu

Pole sana, Mzee wetu.

#26 Mchokozi_Mtwapa

Pole, Mzee. Nayafuta maneno yangu ya nambari 3. Hapana, la mweka hazina nalibakiza.

#27 Karani_Changamwe

Nawashukuru wote, na hapa "nawashukuru" naijua maana yake.

Nitoe habari mbili. Ya kwanza: kiongozi wa ushirika alikuja nyumbani juzi usiku bila Biblia, akiwa na pakiti mbili za unga, sukari na mafuta ya kupikia ndani ya mfuko wa gunia. Hakurudia habari ya mstari. Aliuliza kama mtoto wa mwisho bado anakohoa, akanywa chai ya rangi, akaondoka kuwahi matatu ya mwisho ya Magongo. Kwa hiyo msimhukumu kwa neno lake moja, kama nilivyofanya mimi.

Ya pili: leo nilirudisha bahasha. Ndani niliweka shilingi hamsini. Jina niliandika, simu niliandika, kiasi niliandika, vitone nikaviacha vilivyo. Baada ya ibada mweka hazina alinipigia, akaniuliza kama nilisahau kujaza. Nikamwambia sikusahau.

#28 Mchokozi_Mtwapa

Akasemaje?

#29 Karani_Changamwe

Alinyamaza, nikasikia akiwaambia wenzake wasubiri kidogo, kisha akaniuliza kama bado natafuta kazi, na kama najua kuandika stakabadhi.